Mshipi wa taimingi si uchawi, fungua boneti

Kuna neno moja ambalo likitajwa gereji, kijana mwenye gari hunywea. Taimingi. Ukiambiwa breki zimeisha, utauliza bei. Ukiambiwa plagi zimechoka, utazinunua na pengine kuzifunga mwenyewe. Lakini makanika akikunja uso na kusema "buda, hii ni taimingi," unatoa simu mfukoni na kuanza kuhesabu kilichobaki M-Pesa, bila hata kumuuliza amejuaje.

Woga huo unatumaliza. Msimamo wangu ni kwamba kijana mwenye spana zinazofaa, kitabu cha injini yake na wikendi nzima isiyo na harusi wala mazishi anaweza kubadilisha mshipi wa taimingi nyumbani, na kwa baadhi ya magari anafaa kabisa kujaribu. Nasema baadhi. Kuna injini ambazo sitaki kusikia umejifunzia, na nitazitaja.

Kwanza tuelewane huu mshipi ni nini, kwa sababu nusu ya woga hutokana na kutojua. Chini ya injini kuna kranki, chuma kinachozungushwa na pistoni zikipanda na kushuka. Juu kuna kamshafti, inayofungua na kufunga vali ili hewa na mafuta viingie na moshi utoke. Hivi viwili lazima viende pamoja: kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja. Kinachoviunganisha ni mshipi wa mpira wenye meno. Basi, hakuna cha ziada. Katika historia ya magari hata si kitu cha kale sana. Gari la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na mshipi wa aina hii lilikuwa Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka wa 1962. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na cheni au giya za chuma. Mpira ulipendwa kwa kuwa hauna kelele na ni rahisi kuunda. Ubaya wake ni kwamba mpira huzeeka, na ukikatika haukupi notisi. Uko Thika Road kwa kasi, injini inanyamaza, usukani unakuwa mzito, na nyuma yako kuna matatu ambayo haina habari.

Kinachofuata kinategemea injini yako. Zipo injini ambazo vali na pistoni hazifikiani hata mpangilio ukipotea. Mshipi ukikatika, gari linazimika tu, unavutwa hadi nyumbani, unafunga mshipi mwingine na maisha yanaendelea. Nyingine zimebanwa kiasi kwamba vali iliyobaki wazi inagongwa na pistoni inayopanda. Hapo vali zinapinda, wakati mwingine pistoni inatoboka, na fundi anakwambia ni afadhali utafute injini nyingine. Kwa kijana aliyenunua gari kwa mkopo wa Sacco ili aendeshe teksi ya mtandaoni, siku hiyo biashara imekufa ilhali deni linapumua.

Sasa, kabla hujanunua spana hata moja, jiulize swali ambalo wengi hawalijui jibu lake: je, gari lako lina mshipi wa taimingi kweli?

Toyota nyingi ndogo tunazoziona barabarani leo hazina. Vitz, Probox, Fielder na Axio zenye injini ya 1NZ-FE zinatumia cheni. Injini ya 1ZZ-FE ni cheni pia. Cheni haibadilishwi kila baada ya kilomita kadhaa, bali hufuatiliwa kwa sauti na kwa usafi wa oili. Na bado nimesikia mtu mwenye Vitz akisimulia kwa fahari kwamba amebadilishiwa mshipi wa taimingi, na bei akaitaja. Jamaa alibadilishiwa mshipi wa nje, ule unaozungusha oltaneta, ambao unauona ukifungua boneti na ambao hubadilishwa kwa dakika chache. Alilipia operesheni ya moyo, akafungwa plasta kidoleni. Hakuna sheria itakayomlinda mtu kama huyo. Kinachoweza kumlinda ni kujua herufi tatu au nne zilizoandikwa kwenye kibati cha gari lake.

Wenye mshipi ni hawa: Toyota za zamani za injini ya 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, yaani zile Corolla 110 na Carina ambazo bado zinatembea kijijini kama hazijui ni mwaka gani. Injini ya 3S-FE iliyokuwa kwenye RAV4 na Caldina za miaka hiyo. Starlet. Dizeli za Toyota kama 2L, 3L na 5L zilizobeba matatu na pikapu za nchi hii, kisha 1KZ-TE ya Prado na Surf, na 1KD iliyofuata. Subaru zote za injini ya EJ, yaani karibu kila Impreza, Forester na Legacy ambayo kijana wa Nairobi aliota kuimiliki akiwa kidato cha pili. Mitsubishi zenye 4G63 pia.

Angalia orodha hiyo vizuri. Hayo ndiyo magari ambayo sisi hununua. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mengi ya hayo mapya yana cheni. Ya mshipi yaliingia zamani. Yamepita mikono minne au mitano, na kila mwenye kuuza anasema alilifanyia sevisi "juzi". Kwa magari mengi ya Kijapani mshipi hubadilishwa kila kilomita 100,000, ila nambari hiyo inakusaidia tu ukiiamini mita. Na nani anaiamini mita ya gari lililopita mikono mitano? Tena kilomita si hesabu pekee. Gari lililosimama uani miaka sita likisubiri mwenyewe arudi kutoka Qatar linaweza kuwa na kilomita chache na mshipi uliopasukapasuka kama kisigino.

Kuna njia ndogo ya kujua ambayo haigharimu kitu. Japani gereji likibadilisha mshipi, mara nyingi hubandika karatasi ndani ya boneti, kwenye kifuniko chenyewe au karibu nacho, yenye tarehe na kilomita. Imeandikwa kwa Kijapani, ndiyo, lakini simu yako ina kamera na programu ya kutafsiri. Ukiikuta, umepata ushahidi ambao muuzaji hakujua anao. Usipoikuta, chukulia kwamba haujawahi kubadilishwa. Kwenye dizeli za Toyota kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kilomita zikifika, lakini taa hiyo huzimwa kwa mkono baada ya kazi. Maana yake inaweza kuzimwa bila kazi yoyote kufanyika. Kwa hivyo taa isiyowaka si cheti.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nitatumia 7A-FE kwa sababu ndiyo mwalimu mpole kuliko wote. Ni mojawapo ya zile ambazo vali na pistoni hazigongani, kwa hivyo kosa lake linakurudisha mwanzo badala ya kukurudisha kwa wazazi. Pia pampu yake ya maji inazungushwa na mshipi wa nje, si huu wa ndani, kwa hivyo huna haja ya kumwaga maji ya radieta. Fundi mzoefu anaimaliza kwa saa chache. Wewe tenga siku mbili, na usiwe na mahali pa kwenda na gari hilo Jumatatu asubuhi.

Unaliegesha mahali tambarare penye sakafu ngumu, unatoa waya hasi wa betri, unazuia magurudumu ya nyuma. Unainua upande wa mbele kulia kwa jeki, kisha unauweka juu ya stendi ya chuma. Nirudie: stendi. Jeki ni ya kuinua, haikuundwa kushikilia gari huku mtu akiingiza mkono na kichwa chini yake. Mawe na matofali tunayoyaona kando ya barabara yanapasuka bila kuaga. Kama huna pesa ya stendi, huna pesa ya kazi hii, na hilo halina mjadala.

Gurudumu linatoka, kinga ya plastiki ya pembeni inatoka, mishipi ya nje inatoka, plagi zinatoka ili injini izunguke kwa wepesi. Kifuniko cha vali kinatoka. Injini inashikiliwa kutoka chini kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake, kisha kiungo cha injini cha upande wa kulia kinafunguliwa kwa sababu kimezuia njia. Hadi hapo hujafanya chochote cha akili. Umefungua bolti na kuziweka kwenye vikopo, kila kikopo na jina lake. Vijana wengi hukosea hapa, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa vikopo. Bolti ishirini zikichanganyika kwenye karai moja, jioni utakuwa unabahatisha, na bolti ndefu ikiingia kwenye tundu la bolti fupi inatoboa kitu.

Kisha inakuja sehemu yenye thamani yote ya kazi hii: alama. Unazungusha kranki kwa spana, kwa mkono, kuelekea upande wa mshale wa saa, mpaka mchoro kwenye puli ya kranki ukutane na sifuri iliyo kwenye kifuniko cha chini. Halafu unatazama juu. Tundu dogo kwenye puli ya kamshafti lazima likae sawa na alama iliyo kwenye kishikio cha kamshafti nyuma yake. Kama halikai, usiogope, na usiamini kwamba injini imeharibika. Kumbuka ile hesabu ya mbili kwa moja. Zungusha kranki mzunguko mmoja kamili tena na tundu litakuja. Hapo piga picha. Piga ya juu, piga ya chini, piga ya pembeni. Mafundi wa zamani walichora kwa chaki na rangi, na bado ni vizuri kuchora, ila picha haifutiki na oili.

Bolti ya puli ya kranki ndiyo itakayokutoa jasho. Imekazwa kwa nguvu nyingi na miaka ishirini ya joto imeiongezea. Kwa gari la giya za mkono, mwenzako anaingiza giya ya tano na kukanyaga breki ili kranki isizunguke. Gari la otomatiki halikubali mbinu hiyo, na mengi ya magari yetu ni otomatiki, kwa hivyo utahitaji kifaa cha kushikilia puli. Kiazime ama ukitengenezewe na mchomeleaji wa mtaa. Kuna ile njia ya mkato ya kuegemeza spana ndefu chini na kugusa stata ili injini ijifungue yenyewe. Inafanya kazi mpaka siku spana inaruka. Usiifanye, hata kama YouTube ina mzungu anayetabasamu akiifanya.

Mshipi wa zamani ukitoka, mshike mkononi na uuchunguze. Meno yaliyochakaa, nyufa mgongoni, oili. Ukiona oili, mshipi mpya hautakusaidia mpaka uziba mahali inapotoka, maana sili ya kranki au ya kamshafti imechoka na mpira ukilowa oili haudumu. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kazi hii ni ya kuokoa pesa. Ukitaka kuokoa pesa utafunga mshipi peke yake, uache beringi kuukuu na sili kuukuu, na beringi hiyo ikikwama mwakani itaukata mshipi mpya kama kisu. Badilisha vyote kwa pamoja. Kwenye 3S-FE na Subaru za EJ, ambako pampu ya maji inazungushwa na mshipi huu huu, badilisha na pampu. Usikubali kufungua injini mara mbili.

Kuufunga mpya ni kinyume cha kuufungua, kasoro jambo moja. Baada ya kuuvalisha na kuilegeza beringi ya kukazia ili springi ivute mshipi, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Miwili, si mmoja na robo. Kisha rudi kwenye alama zako. Zikikutana zote, kaza. Zisipokutana, vua uanze upya, hata kama ni saa kumi na mbili jioni na mbu wameanza kazi. Na wakati wa kuzungusha, mkono wako ukihisi chuma kimegonga chuma, simama hapo hapo. Mkono unahisi. Stata haihisi. Hii mizunguko miwili ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji, na nakwambia wapo watu wenye ovaroli na gereji lenye bango ambao hawaifanyi.

Sasa hizo injini nilizokuonya. Dizeli zote nilizotaja, acha. Kwenye 2L, 3L na 5L mshipi unazungusha kamshafti pamoja na pampu ya kusukuma dizeli, na vali za dizeli hizi hazina nafasi ya msamaha. Subaru ya EJ usiifanye iwe ya kwanza. Mshipi wake ni mrefu, unapita pande zote mbili za injini, na zile zenye kamshafti nne zina tabia ya kurusha kamshafti za upande wa kushoto mara tu mshipi unapolegea, kwa sababu springi za vali zinazisukuma. Tena puli zake zina mishale na pia vistari vidogo. Mgeni huona mshale, ni mkubwa na unapendeza, akaufuata. Kinachofuatwa wakati wa kufunga mshipi ni vistari. Wengi wamepinda vali kwa sababu ya mshale ule.

Kwa injini hizo ninapendekeza kitu ambacho naona tumekidharau: mlipe fundi, na usiondoke. Usiache gari asubuhi na kulichukua jioni kama nguo za dobi. Kaa hapo. Mwambie mapema kwamba unataka kuona alama kabla hajatoa mshipi, na unataka kuona mizunguko miwili kabla hajafunga kifuniko, na kwamba mshipi wa zamani utaondoka nao. Fundi mzuri hatakasirika, na wengine watafurahi kupata mtu wa kumfundisha. Atakayekataa amekueleza kitu cha maana bila gharama.

Ninajua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Mafundi wa jua kali ni vijana pia, wengi wao vijana wenzetu waliokosa karo, na ukifanya kazi hii mwenyewe umemnyima mtu chakula cha jioni. Nimelifikiria. Kwanza, anayeweza kutenga siku mbili na kununua stendi ni mmoja kati ya wengi. Hawa hawatafunga gereji lolote. Pili, fundi stadi haumizwi na mteja anayejua. Anaumizwa na fundi wa uongo aliye jirani yake, anayetoza nusu ya bei kwa kazi ambayo hakuifanya. Mteja asiyejua tofauti kati ya mshipi wa nje na wa ndani huenda kwa mwenye bei ya chini kila mara, na aliye mwaminifu anabaki akitazama barabara. Mimi ningependa pia tuanze kuwalipa mafundi kwa jambo jingine: kusimamia. Mtafute fundi unayemwamini, mlipe aje kwako saa mbili za Jumapili akague alama zako kabla hujawasha. Yeye hachafui mikono, wewe hulali ukiwaza, pesa imebaki mtaani.

Pingamizi la pili halizungumzwi sana kwenye video za kigeni, ambako kila mtu ana gereji lake nyumbani lenye taa na redio. Sisi tunaishi kwenye ploti. Eneo la kuegesha ni la magari kumi na nyumba ni thelathini, na keteka akiona gari limeinuliwa na gurudumu liko kando, anapanda ngazi kumpigia mwenye nyumba. Kwa upande mmoja ninamwelewa. Oili ikimwagika pale, mtoto wa mtu ataiteleza na hakuna atakayeisafisha. Kwa hivyo ongea naye mapema, tandika karatasi ya nailoni na maboksi, maliza kelele kabla ya saa kumi na mbili, usimwage kitu kwenye mtaro. Ikishindikana, ua wa shangazi kule nje ya mji upo, na wikendi mbili kwa mwaka si mzigo kwa shangazi ukienda na unga na sukari.

Spea nazo ni vita yake. Kirinyaga Road utapata mshipi wa kila injini iliyowahi kutua nchini, na bei tatu kwa kitu kimoja. Usinunue kwa jina la gari. Nunua kwa namba ya injini na ubebe ule wa zamani kama umeshautoa, uhesabu meno ya wa zamani na ya mpya, upime upana. Bando na Mitsuboshi ni majina halisi ya Kijapani ya mishipi, na kwa sababu ni majina mazuri, yanaigwa. Maandishi yanayofutika ukiyasugua kwa kidole, boksi lenye herufi zilizokosewa, bei ya kutupa: ondoka. Tuna Mamlaka ya Kukabili Bidhaa Ghushi iliyoundwa chini ya sheria ya 2008, ila ukiwa mbele ya kaunta siku ya Jumamosi mamlaka ya kwanza ni macho yako. Na tafadhali usinunue mshipi wa mtumba. Beringi za mtumba pia usinunue. Kuna vitu ambavyo Japani ilivitupa kwa sababu nzuri.

Kuna jambo kubwa zaidi nyuma ya mshipi huu, nalo linahusu kazi. Tunalalamika kwamba shule ilitufundisha kutaja sehemu za injini bila kuigusa, na ni kweli. Nilijua kuchora silinda na pistoni kabla sijawahi kushika spana ya namba 19. Wanafunzi wa sekondari msingi sasa wana somo la masomo ya kiufundi, na nitaamini limefaulu siku nitakayoona injini kuukuu juu ya meza ya darasa la kijijini, si picha yake ukutani. Kwa sisi tuliopita bila hilo, mlango haujafungwa. NITA hutoa mitihani ya ufundi kuanzia Gredi ya III hadi ya I, na nchi sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Kijana aliyefunga mishipi ya magari ya majirani watano na kuandika kila hatua ana la kumwonyesha mtahini. Na binti, usidhani ninazungumza na kaka yako. Bolti ile ya kranki haishindwi na misuli, inashindwa na spana ndefu, na alama zinataka macho makini na subira.

Wapo watakaosema yote haya ni kazi bure, magari ya umeme yanakuja na hayana mshipi wa taimingi. Yanakuja, sawa. Mpaka yafike bei ambayo mimi na wewe tunaweza kulipa, Corolla 110 ya mjomba itakuwa bado inabeba mahindi kutoka shambani.

Ukimaliza, kabla hujafunga boneti, chukua rangi au karatasi ya gundi na uandike juu ya kifuniko cha mshipi: tarehe, kilomita, aina ya mshipi, beringi na sili zilizobadilishwa. Kwa Kiswahili kinachosomeka. Kisha washa injini na usikilize dakika kumi bila redio.